Mbuni Hakula Ardhi ya Kibera

Muhula uliopita nilialikwa kuwa mwamuzi wa mdahalo katika shule moja ya sekondari huko Laini Saba, Kibera. Hoja iliyowekwa mbele ya wanafunzi ilikuwa hii: kwamba Mbuga ya Taifa ya Nairobi igawanywe viwanja, na viwanja hivyo wapewe watu wasio na makao. Chumba kilijaa, na madirishani vikajaa vichwa vya wale waliokosa nafasi ya kukaa. Wasemaji wa pande zote mbili walisema kwa ufasaha ulionifurahisha, lakini aliyeuteka mkutano alikuwa kijana mmoja mwembamba wa upande wa kuunga mkono. Alisimama, akaelekeza kidole chake kusini, akasema: "Sisi nyumbani twalala watu saba katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Ng'ambo ya Lang'ata mbuni mmoja ana uwanja wa kukimbilia tangu asubuhi hata jioni, na hakuna amdaiye kodi." Makofi yalipigwa mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Kura zilipohesabiwa, waliotaka mbuga igawanywe walikuwa 61, na waliopinga walikuwa 9.

Nilitangaza matokeo kama ilivyonipasa. Kisha, kabla ya kuagana, niliuliza swali moja lililo nje ya kanuni za mdahalo: ni nani kati yao aliyepata kumwona mbuni kwa macho yake? Hakuna mkono ulioinuliwa. Watoto wale wamezaliwa mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima aweza kufika kwenye lango la mbuga kwa muda usiozidi saa mbili, na bado mbuni kwao ni picha iliyo kitabuni, kama theluji au nyangumi. Walikuwa wamemhukumu kiumbe asiyekuwapo, ambaye hata sura yake hawakuijua.

Mwamuzi haruhusiwi kumjibu msemaji. Ndiyo sababu namjibu hapa, maana maneno ya kijana yule yalikuwa na ukweli mwingi ndani yake na kosa moja kubwa, na kosa hilo si lake peke yake. Nimelisikia garini, sokoni, hata kwa watu wenye shahada.

Kwanza yafaa mshtakiwa ajulikane. Mbuni ni ndege mkubwa kupita ndege wote waliosalia duniani. Dume hufika kimo cha mita mbili na nusu, na uzito wake hupita kilo 100. Mabawa anayo, lakini hayamwinui. Badala ya kuruka amejaliwa miguu yenye vidole viwili viwili, ambayo humwezesha kukimbia hata kilomita 70 kwa saa. Jicho lake lina upana wa sentimita 5 hivi, na hakuna mnyama wa nchi kavu amshindaye kwa ukubwa wa jicho. Jina lake, kwa bahati, ndilo jina la mti wa kahawa pia, na mwalimu wa Kiswahili hachoki kuwatahadharisha wanafunzi juu ya jambo hilo. Mbuni wa Nairobi ni wa jamii ya Kimasai: dume ni mweusi mwenye manyoya meupe mbawani na mkiani, na shingo yake huiva wekundu wakati wa kuzaana, jike ni wa rangi ya majivu na udongo. Kaskazini ya Kenya yuko mwingine, mbuni wa Kisomali, mwenye shingo ya buluu, ambaye tangu mwaka 2014 wataalamu wengi humhesabu kuwa aina mbali.

Katika mdahalo ule wasemaji wa pande zote mbili walitaja habari ya mbuni afichaye kichwa mchangani. Upande mmoja ulisema serikali ni mbuni, na upande wa pili ukajibu kwamba wapinzani wao ndio mbuni. Habari hiyo ni ya uongo. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mbuni huingiza kichwa kichakani akadhani mwili wote umefichika, na vizazi vilivyofuata vikaongeza chumvi na mchanga. Ukweli ni kwamba ndege aliyelalia mayai, aonapo hatari, huilaza shingo yake chini kwa urefu wote, na kwa mbali huonekana kama kichuguu. Hajifichi asione, atazama sana, kwa jicho lile kubwa, huku akilinda kiota. Nacho kiota hicho ni cha ajabu. Majike kadhaa hutaga mahali pamoja, lakini jike mkuu mmoja tu ndiye alaliaye mchana, na dume hupokea zamu usiku, kwa majuma sita hivi. Mayai yakizidi, jike mkuu huyasukuma nje ya kiota, naye hujua yaliyo yake hata yakichanganywa na ya wenzake. Yai moja lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, sawa na mayai dazeni mbili ya kuku. Mambo haya hayakuvumbuliwa Ulaya. Lewis Hurxthal aliichunguza tabia ya uzazi ya mbuni katika miaka ya 1970 papo hapo katika Mbuga ya Nairobi, kilomita chache kutoka vichochoro vya Laini Saba. Dunia imejifunza kwa mbuni wetu, na jirani zake ndio waliobaki na hadithi ya mchanga.

Tena ujirani huo ni wa kale. Katika pango la Enkapune ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha, zimechimbuliwa shanga zilizotengenezwa kwa magamba ya mayai ya mbuni, na umri wake wakadiriwa kuwa miaka 40,000. Mtu wa nchi hii alijipamba kwa mbuni kabla hajapanda nafaka wala kufuga ng'ombe. Asiyeona thamani katika jambo hilo simlaumu. Tumbo tupu halisikilizi habari za shanga. Basi na twende kwenye tumbo, na kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi.

Kijana alisema kweli kuhusu nafasi. Kaunti ya Nairobi ina eneo la kilomita za mraba 696, na mbuga imechukua 117, yaani sehemu moja katika sita. Kibera yote, pamoja na Laini Saba, Makina, Lindi, Silanga, Gatwekera, Kianda, Soweto na vijiji vingine, haizidi sana kilomita za mraba mbili na nusu. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta humo watu 170,070, na wako wasemao kwamba wengi hawakuhesabiwa. Mwaka 2019 Nairobi nzima ilikuwa na watu 4,397,073. Nilichukua kalamu, nikaigawanya mbuga kwa watu wote hao: kila mmoja angepata mita za mraba 26 na ushei. Nyumba ya kijana yule, yenye watu saba, ingepata mita 186, ambazo ni sawa na vyumba 20 kama kile walalacho sasa. Hata ukitoa barabara, shule, zahanati na soko, bado wangepata mahali pa kunyosha miguu.

Kwa hiyo sitamjibu kwa hesabu, kwa maana hesabu iko upande wake. Nitamuuliza swali moja la historia: ni lini ardhi ya Nairobi iligawanywa sawasawa?

Tuanze na Kibera yenyewe. Mababu wa Wanubi walikuwa askari wa jeshi la Mwingereza, nao walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la mahali, Kibra, ni la lugha yao, na maana yake ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi hiyo kuwa ya jeshi, na ukubwa wake ulikuwa ekari 4,197. Ekari 4,197 ni kilomita za mraba 17. Askari waliruhusiwa kukaa, lakini hawakupewa hati. Mwaka 2017, baada ya miaka karibu mia ya kudai, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Zimekuwa mitaa ya nyumba za mawe, barabara pana, na majumba yenye bustani na walinzi. Upande mmoja Kibera imepakana na kiwanja cha gofu cha tangu zama za wakoloni, ambacho nyasi zake hukatwa na kunyweshwa maji, na katika mdahalo wote ule hakuna msemaji hata mmoja aliyependekeza kwamba kigawanywe. Mbuga ilitajwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Sisemi kwamba wachezaji wa gofu wafukuzwe kesho. Nasema tu kwamba jicho la maskini limefundishwa kumwona mbuni ng'ambo ya Lang'ata, lisione kilicho mbele ya mlango. Mbuni hakula hata ekari moja ya Kibera. Walioila walikuwa na miguu yenye viatu, na kalamu mfukoni.

Tazama tena ardhi nyingine za umma za mji huu. Mwaka 1989 ilitakiwa bustani ya Uhuru imegwe lijengwe jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, na mwishowe jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye sehemu za msitu wa Karura zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 mama huyo huyo alikwenda na wenzake kupanda mti huko, wakapigwa mpaka damu ikamtoka kichwani. Je, viwanja vya Karura walikuwa wamepewa watu wa Kibera au wa Kawangware? La, hasha! Ripoti ya tume ya Paul Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kurasa nyingi namna ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria tangu uhuru. Asome anayetaka, hataona humo maskini aliyepewa kiwanja kwa kuwa chumba chake ni kidogo. Katika kila ugawaji wa namna hii, jina la maskini hutumika kulifungua lango, kisha watu wengine hupita, na lango hufungwa.

Mbuga ya Nairobi yenyewe imekwisha kuanza kumegwa, na twaweza kuona ni nani aliyefaidika. Ilipojengwa barabara ya Southern Bypass, ukingo wa mbuga ulikatwa. Kisha ikaja reli mpya. Watetezi wa mbuga walikwenda kushtaki, lakini nguzo zilisimamishwa, na leo daraja la kilomita 6 hivi limekatiza mbuga kutoka upande mmoja hata mwingine. Treni ya kwenda Suswa ilianza kupita juu yake mwezi wa Oktoba 2019. Huenda reli ina faida; mimi si adui wa reli. Lakini ni familia ngapi za Laini Saba zilizopata chumba katika ardhi iliyotwaliwa?

Sasa angalia mwaka 2018 kwa makini, maana mwaka huo una somo ambalo sikuliona mpaka nilipoweka habari mbili kwenye ukurasa mmoja. Nguzo za reli zilikuwa zinapandishwa ndani ya mbuga. Tarehe 23 Julai mwaka ule ule, alfajiri, matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, makanisa na shule vilibomolewa. Maelfu ya watu walibeba magodoro, na wanafunzi waliofika asubuhi hawakukuta madarasa. Mbugani palichaguliwa kwa sababu hapakuwa na watu wa kulipwa fidia. Kibera palichaguliwa kwa sababu watu wake hawakuwa na hati ya kudaia fidia. Katika ramani ya mpimaji sehemu zote mbili zilikuwa nyeupe. Sisemi kwamba mtu ni sawa na mnyama, na atakayenisingizia neno hilo atakuwa hakusoma. Nasema kwamba mkono uliovuka mbuga ni mkono ule ule uliovuka Kibera, na kwamba msemaji wa Laini Saba anapoushangilia ukivuka mbuga, aushangilia ukijizoeza.

Wako watakaosema: basi wanyama wasiuawe, wahamishwe tu, Tsavo ni kubwa kuliko nchi nyingine za Ulaya, kuna haja gani ya kuwaweka mjini? Hoja hii ina sura ya huruma. Katika mwaka huo huo wa 2018, vifaru weusi 11 kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru walipelekwa Tsavo Mashariki. Walinyweshwa maji ya chumvi ambayo hawakuyazoea, kisha kiu ikawazidi, wakazidi kunywa. Wote 11 walikufa. Karibu mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Sasa, baada ya ulinzi wa miaka mingi ambao Mbuga ya Nairobi imekuwa kiini chake kimoja, wamepita 1,000. Kati ya hao, 11 si wachache. Kuhamisha ni neno jepesi kinywani mwa asiyehamishwa, na watu wa Kibera, ambao kwa miaka mingi wameahidiwa kuhamishwa waende makao mema, walijue neno hilo kuliko mtu yeyote.

Zaidi ya hayo, mbuga si sanduku. Pande tatu zina ua, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uko wazi, na kwa desturi wanyama hutoka msimu wa mvua kwenda mbuga za Kitengela na Athi, kisha hurudi wakati wa kiangazi kutafuta maji. Mbuni, ambaye hawezi kuruka seng'enge wala kuruka angani, ataka uwanda mrefu usio na kizuizi. Nyumbu ndio waliotuonyesha matokeo ya kuuziba: mwishoni mwa miaka ya 1970 nyanda hizo zilikuwa na nyumbu zaidi ya 20,000, na kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hawakufa kwa mshale wa mtu wa Kibera. Ardhi iligawanywa, ikauzwa vipande vipande, ikawekwa ua, viwanda na machimbo ya mawe, mpaka njia ikafungwa.

Wamasai wa Kitengela, ambao ng'ombe wao hula pamoja na pundamilia, wana haki ya kusikilizwa katika jambo hili kuliko mimi. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Zilikuwa fedha kidogo mno ukilinganisha na bei ya kiwanja, na ninastaajabu si kwa kuwa wengine wameuza, bali kwa kuwa wengine hawajauza. Mwezi wa Februari 2016 simba walitoka mbugani, na habari zikaenea kwamba wameonekana upande wa Kibera. Watu walifunga milango mapema usiku huo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi uliofuata simba aliyeitwa Mohawk alifika Isinya, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi. Dunia nzima ilimlilia Mohawk. Nani alimlilia aliyejeruhiwa? Sheria ya mwaka 2013 yasema kwamba jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama walipwe shilingi milioni 5. Ni sheria njema, na malipo yake hutembea kwa mwendo wa kobe. Hapo kijana wetu angekuwa na hoja nzito, na hakuitumia.

Sasa nawageukia walinzi wa mbuga, maana nisipowageukia wao nitakuwa nimemwonea kijana. Kura 61 kwa 9 hazikutoka hewani. Mbuga hii, ya kwanza katika Kenya, ilitangazwa mwaka 1946, na kuzaliwa kwake kulikuwa kwa hila. Mervyn Cowie, aliyeipigania, aliandika barua katika gazeti la East African Standard mwishoni mwa miaka ya 1930, akajificha chini ya jina la mlowezi mkongwe, akadai wanyama wote wapigwe kwa bunduki za rashasha wamalizwe. Walowezi walikasirika kama alivyotaka, wakaanza kudai wanyama walindwe, na serikali ikalazimika kusikia. Nasifu werevu wake. Lakini katika ubishi ule wote, wa kweli na wa kuigiza, hapakuulizwa Mmasai aliyekuwa akichunga hapo, wala Mnubi wa Kibra, wala mtu mwingine mweusi. Mbuga ilizaliwa katika mazungumzo ya watu wenye magari, na mpaka leo bado ni mali ya watu wenye magari.

Maana ndani ya mbuga hapaendwi kwa miguu, na sababu yake ni nzuri, kwa kuwa simba hachagui. Asiye na gari hana budi kulipia basi au kukodi. Juu ya nauli kuna kiingilio: kwa miaka kadhaa raia aliye mtu mzima alilipa shilingi 430, na mtoto 215, mwaka 2025 serikali ilitangaza viwango vipya vilivyo juu zaidi. Mzazi wa Laini Saba afanyaye kibarua cha kufua nguo, mwenye watoto wanne, atafanya kazi siku ngapi ili watoto wake wamwone twiga kwa saa tatu? Shirika la KWS litajibu kwamba shule hupunguziwa bei. Ni kweli, na shule zenye mabasi yao hufaidika sana. Mwaka 2020 ilitolewa rasimu ya mpango wa mbuga, ikazua ubishi mkubwa kwa kuwa ilitaja nyumba ya kulala wageni ndani na ua upande wa kusini. Sikusoma popote kwamba ubishi huo ulihusu mabasi ya watoto wa Kibera, Kawangware au Mukuru.

Tarehe 30 Aprili 2016 tani 105 za pembe za ndovu zilichomwa moto ndani ya mbuga hii, na Rais Uhuru Kenyatta akasema mbele ya wageni wa mataifa kwamba pembe hazina thamani isipokuwa juu ya ndovu mwenyewe. Kabla yake Rais Moi alikuwa amechoma tani 12 mwaka 1989, mahali hapo hapo. Mambo hayo mawili nayaona kuwa matendo ya heshima. Walakini moshi ule huonekana kwa mbali na wale wasioruhusiwa kukaribia, na mtoto aambiwaye kwamba mnyama ni urithi wake, kisha akazuiwa langoni kwa sababu ya shilingi mia kadhaa, hana budi kuamua kwamba aliyemwambia ni mwongo. Mtoto huyo akikua atakuwa diwani, mbunge, au mpimaji wa ardhi. Siku hiyo walinzi wa mbuga watamtafuta mtetezi Kibera, nao watamkuta kijana mwembamba, amenyosha kidole kusini.

Karura imeonyesha kwamba mambo yaweza kuwa tofauti. Msitu ule uliokuwa umegawiwa matajiri sasa huingiwa kwa miguu na kwa baisikeli, na Jumapili utawakuta humo watu wa kila hali. Jaribu leo kupendekeza uuzwe, uone jinsi watu watakavyoinuka. Mbuga haiwezi kuwa Karura, kwa sababu ya simba. Lakini yaweza kuwa na mabasi ya umma ya kila siku. Mwanafunzi wa kila shule ya Nairobi aweza kuingia bure mara moja kila mwaka, na jambo hilo likaandikwa katika sheria, lisibaki hisani ya mkubwa fulani. Gharama yake ni ndogo kuliko mita chache za daraja lile la reli. Na kijana akiendelea kutaka ardhi ya kujenga, kama ilivyo haki yake, na aanzie na zile ekari 4,197, aulize moja moja ilikwenda kwa nani, kwa karatasi gani, na sahihi ya nani. Hayo ndiyo madai niliyotamani kuyasikia siku ile, na nikiwa mwamuzi ningeyapa alama zote.

Itakumbukwa pia kwamba kuchelewa kuna mwisho. Mbuni wa Bara Arabu na Sham aliishi huko maelfu ya miaka, akawindwa kwa farasi na mbwa bila kwisha. Bunduki mpya na motokaa zilipofika, hakumaliza karne ya 20. Siku hizi wanaotaka kumrudisha hutafuta ndugu zake Afrika. Hakuna atakayeturudishia mbuni wa Nairobi pamoja na uwanda wake, maana uwanda ukishajengwa huwa umejengwa.

Nimekwisha kuzungumza na walimu wa shule ile. Tumekubaliana kwamba wanafunzi wapelekwe mbugani kabla ya muhula kwisha, na kwamba hoja ile ile ijadiliwe tena juma litakalofuata, mbele ya mwamuzi mwingine, kwa kuwa mimi sasa nimejulikana upande wangu. Nilipomweleza kijana mwembamba, alifikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, nitasema upande ule ule. Nikishamwona huyo mbuni nitajua vizuri zaidi namna ya kumshtaki." Nilimwambia kwamba hilo lanitosha. Kufikia leo wanafunzi 22 wamelipa nauli, na basi lina viti 51.